Fani za utafiti zinatofautiana kwa vipimo tu, si kwa akili. Nipingeni

#1 Rula_ya_Chuma
Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuhariri ripoti za watafiti. Leo fizikia, kesho elimu, keshokutwa tiba. Kwa kusoma huku na huku nimefika mahali naamini kwamba hakuna sayansi ngumu wala laini. Kuna fani zilizobahatika kupata kipimo kizuri mapema, na kuna zinazohangaika mpaka leo. Mwanafizikia anaonekana makini kwa sababu kilo yake haina ubishi. Mpeni huyo huyo apime furaha, au umaskini, muone kama hatakuja na majibu matatu yanayogombana.

La pili, na hapa ndipo nataka mnishukie: matokeo mengi yanakuwa yameshaamuliwa siku mtafiti anapochagua kipimo, kabla hajakusanya chochote. Sisemi anadanganya. Nasema kipimo kinaruhusu majibu ya aina fulani na kuyafungia nje mengine.

Njooni na mifano ya fani zenu. Falsafa tupu niachieni mimi.

#2 Mkaa_Maabara
Hiyo kilo isiyo na ubishi imebadilishwa maana mwaka 2018, mkuu. Kabla ya hapo kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Walipokilinganisha na nakala zake wakakuta vimepishana kama mikrogramu 50 kwa muda wa karne moja. Na kwa maana ya wakati ule, kile cha Sèvres hakiwezi kukosea. Kikipungua, basi vitu vyote vingine duniani ndivyo vimeongezeka uzito!

#3 Nukta_Desimali
Kura ilipigwa Versailles Novemba 2018, lakini maana mpya ilianza kutumika 20 Mei 2019. Sasa kilo inatokana na namba ya Planck, namba ya asili ya fizikia isiyobadilika, ambayo imefungwa kwenye 6.62607015 × 10⁻³⁴. Uzi wenyewe ni wa vipimo, tuwe makini.

#4 Mkaa_Maabara
Msahihishaji wa tarehe ameshawasili. Karibu, kiti kipo.

#5 Dodoso
Mleta uzi namuunga mkono, tena nina ushahidi. Nimekusanya data za kilimo kwa muda mrefu, ninaujua ubishi mmoja wa wachumi wa kilimo ambao umezeesha watu. Wanasema shamba dogo linatoa mavuno mengi kwa hekta kuliko shamba kubwa. Sera nyingi zimejengwa juu ya hilo.

Sasa, zamani ukubwa wa shamba alikuwa anaulizwa mkulima. Mwenye shamba dogo huwa anaongeza, mwenye kubwa anapunguza. Ikaja GPS. Data za Uganda zilipopigwa hesabu upya kwa vipimo vya GPS (utafiti ulitoka 2013), wengi walitegemea ule uhusiano ufe. Haukufa, ulizidi kuwa mkali! Vile vishamba kumbe vilikuwa vidogo kuliko vilivyotajwa, na ukigawa mavuno yale yale kwa eneo dogo zaidi, tija inapanda.

Halafu wakaja wengine wakashika upande wa pili wa mgawanyo. Badala ya kumuuliza mkulima amevuna kiasi gani, wakapima kipande ndani ya shamba, wakavuna wenyewe na kuweka kwenye mizani. Uganda hiyo hiyo, utafiti wa 2019. Uhusiano ukayeyuka.

Nchi ile ile. Kilichobadilika ni nani kaulizwa na nini kimepimwa.

#6 Mchokozi
Kwa hiyo ukweli ni upi? Shamba dogo linazaa zaidi au halizai?

#7 Dodoso
Ningekuwa najua nisingekuwa hapa, mkuu. Mwaka 2020 wengine wakaonyesha, tena kwa data za Uganda, kwamba kingo za shamba huzaa kuliko katikati. Shamba dogo lina kingo nyingi ukilinganisha na eneo lake. Sasa jiulize: kile kipande cha kuvuna kikiangukia katikati ya shamba, hizo kingo amezipima nani? Kipimo kilichoua uhusiano kinaweza kuwa ndicho kilichouficha.

#8 Nimekaa_Nasoma
Nimevuta kiti. Endeleeni.

#9 Zamu_ya_Usiku
Upande wa tiba hili jambo limeua watu, si mzaha.

Miaka ya 1980 ilijulikana kwamba aliyepata shambulio la moyo, kisha moyo ukawa unapiga mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, yuko kwenye hatari kubwa ya kufa ghafla. Zilikuwepo dawa zinazozima mapigo hayo, encainide na flecainide. Kwenye karatasi ya ECG unaona kwa macho yako kuwa mapigo yametulia. Madaktari wakaziandika kwa imani yote. Kinachopimika kimepona, sasa nini tena?

Likafanyika jaribio la Marekani lililoitwa CAST, na waliingizwa wale tu ambao dawa ilishaonyesha kuwatuliza mapigo. Walipoanza kuhesabu vifo badala ya mapigo, jaribio la dawa hizo likasimamishwa 1989. Ripoti ya 1991 ilionyesha vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa, na 26 kati ya 743 waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kipimo hakikukosea hata kidogo. ECG ilisema kweli tupu. Ila walipima kile kilichokuwa rahisi kupimika.

#10 Rula_ya_Chuma
#9 asante sana, huo ndio mfano niliokuwa nautafuta. Na ona kwamba hapo hakuna wa kulaumu kifaa.

#11 Mkaa_Maabara
Basi unajipinga. #1 umesema kipimo kinaamua matokeo. Hapo #9 kipimo kilikuwa sahihi, aliyeamua ni mtu aliyekubali kitu kimoja kisimame badala ya kingine. Shida ni ya kile kilichowekwa badala, si ya rula.

#12 Rula_ya_Chuma
Kuchagua kipimo ni sehemu ya kipimo. Sijajipinga.

#13 Mchokozi
Mnasahau mfano mkubwa kuliko yote: tundu la ozoni. Satelaiti ya NASA ililiona miaka kabla, kompyuta ikazifuta namba kwa sababu zilikuwa ndogo mno kuaminika. Waingereza wakiwa na mashine ya kizamani huko Antaktika wakaja kuliona 1985.

#14 Nukta_Desimali
Nusu kweli, nusu ngano. Namba hazikufutwa. Programu iliweka alama ya shaka kwenye vipimo vilivyoshuka chini ya yuniti 180 za Dobson (kipimo cha wingi wa ozoni angani), vikawekwa kando vikisubiri kuchunguzwa. Walipovichunguza wakavilinganisha na kituo cha ardhini kilichopo Ncha ya Kusini, na bahati mbaya kituo hicho ndicho kilikuwa kinatoa namba zisizo sahihi wakati huo, za juu. Data zilikuwepo, na ziliporudiwa tundu lilionekana waziwazi. Wale Waingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, ndio waliotangulia kuchapisha, kwa kifaa cha Dobson kilichobuniwa miaka ya 1920.

#15 Mchokozi
Kwa hiyo iliona ikanyamaza. Si ndiyo niliyosema?

#16 Nukta_Desimali
Hapana, mkuu. "Imefuta" na "imetia shaka" ni vitu viwili. Cha kwanza ni uzembe. Cha pili ndicho kila mmoja wetu hufanya akiona namba ya ajabu kwenye jedwali lake, na ni lazima kifanyike, la sivyo tungetangaza ugunduzi kila nyaya zinapolegea. Hilo nalo lina mfano: Septemba 2011 kundi la wanafizikia la OPERA lilitangaza kuwa nyutrino, chembe ndogo mno, zimesafiri kutoka maabara ya CERN, Uswisi, hadi Gran Sasso, Italia, kama kilomita 730, zikawahi kwa nanosekunde 60 kuliko mwanga. Mwaka uliofuata wakakuta kiungo cha waya wa nyuzi za kioo hakikukaza vizuri.

#17 Pwani_ya_Namba
Naongezea la bahari. Joto la uso wa bahari kwenye kumbukumbu za dunia linashuka ghafla mwishoni mwa 1945, karibu nyuzi 0.3. Watu walihangaika kutafuta sababu: volkano? mikondo? Mwaka 2008 ikaonyeshwa kuwa kikubwa ni meli. Wakati wa vita vipimo vingi vilitoka kwenye meli za Marekani zilizopima maji yanayoingia kupoza injini, kule ndani kwenye joto. Vita vilipoisha, vipimo vingi vikaanza kutoka meli za Uingereza, nao walichota maji kwa ndoo zisizozuia joto kupotea. Ndoo ikivutwa juu, maji yanavukizwa na kupoa kabla kipimajoto hakijazamishwa.

Bahari haikupoa. Waliopima walibadilishana zamu.

#18 Nimekaa_Nasoma
Ndoo! Ndoo imesumbua wanasayansi miaka sitini 😂

#19 BiTakwimu
Nimesoma zote kwa utulivu. Mifano mizuri, ila mnachanganya mambo matatu: kifaa kibaya (#16, #17), kipimo kinachosimama badala ya kingine (#9), na namba isiyo namba. Hilo la tatu hamjaligusa na ndilo limejaa kwenye tasnifu.

Stevens, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1946 aligawa vipimo ngazi nne. Kuna namba za majina tu, kama namba ya jezi. Kuna za mpangilio, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuna zenye nafasi sawa, kama joto la Selsiasi. Kuna zenye sifuri ya kweli, kama urefu. Sasa mtu anauliza "unakubali kwa kiasi gani", 1 hadi 5, halafu anapiga wastani na kuandika 3.74. Nani kamwambia kwamba kutoka "sikubali" hadi "sina uhakika" ni umbali uleule wa kutoka "nakubali" hadi "nakubali sana"?

#20 Chaki_na_Ubao
Dada BiTakwimu, hapo umenigusa mwenye jeraha. Kwenye utafiti wangu wa elimu niliandika asilimia za kila jibu, sikupiga wastani. Msimamizi akarudisha: "Weka wastani, wasomaji wanataka namba moja." Nikaweka. Nikapita.

Lakini niseme na upande wa pili. Nilijaribu njia zote mbili kwa data zilezile na hitimisho lilikuwa moja. Wapo wanatakwimu, tena wazito, wanaosema ukijumlisha maswali mengi pamoja, kama Likert alivyofanya 1932, wastani hauna madhara makubwa. Kwa hiyo huo mgawanyo wa Stevens ni sheria au ni ushauri?

#21 BiTakwimu
Ni ushauri mpaka siku unapokuponza. Makundi mawili yanaweza kuwa na wastani wa 3 wote: moja limejaa watu waliojibu 3, jingine nusu wamejibu 1 na nusu 5. Shule ya kwanza haina maoni, ya pili inakaribia kupigana. Namba moja imezificha zote mbili.

#22 Chaki_na_Ubao
Hapo nakuelewa. Ila msimamizi wangu hangekuelewa.

#23 Picha_ya_Mifupa
Nina la kwangu, nalileta taratibu maana huwa halieleweki mara moja. Fanyeni hesabu nami.

Wagonjwa saba wa saratani. Wanne wamewekwa "hatua ya mwanzo", wataishi miaka 10, 9, 8 na 5. Wastani ni 8. Watatu wako "hatua ya mwisho", wataishi 3, 2 na 1. Wastani ni 2.

Hospitali inanunua mashine mpya ya picha. Yule wa miaka 5 anagundulika kuwa na vijidonda ambavyo mashine ya zamani isingeviona. Anahamishiwa hatua ya mwisho. Sasa hatua ya mwanzo ni 10, 9, 8, wastani 9. Hatua ya mwisho ni 5, 3, 2, 1, wastani 2.75.

Makundi yote mawili "yameboreka". Na hakuna aliyeongezewa hata siku moja.

Feinstein na wenzake waliliandika hili 1985 kwa saratani ya mapafu, wakaliita kwa jina la mchekeshaji Will Rogers, aliyetania kwamba wahamaji fulani walipohama jimbo moja kwenda jingine walipandisha wastani wa akili wa majimbo yote mawili. Tangu nilipolijua, nikisikia "matibabu yameimarika ukilinganisha na zamani", swali langu la kwanza ni: mashine ya picha imebadilika?

#24 Mchokozi
Nimerudia hesabu. Imekubali. Sijapenda.

#25 Nimekaa_Nasoma
Wote tumerudia, mkuu 😂

#26 Zamu_ya_Usiku
#23 mkuu, heshima. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni ya damu kina kisa chake. Utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulijitokeza kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 ya ulivyojitokeza kwa weupe. Kifaa kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaingilia. Sasa fikiria tafiti zote zilizotumia namba hizo kuamua nani ni mgonjwa mahututi na nani aingizwe kwenye jaribio la dawa.

#27 Sikio_Wazi
Mimi ni wa mahojiano na maelezo, nyie watu wa namba mnatuonea huruma. Lakini nisikilizeni.

Ukimuuliza mwanamke "Umewahi kufanyiwa ukatili na mwenzi wako?" wengi watasema hapana. Ukiuliza tendo moja moja, amewahi kukupiga kofi, kukusukuma, kukukaba, "hapana" nyingi zinageuka ndiyo. Hilo linajulikana kwa wote wanaofanya kazi hii. Hujabadilisha sampuli wala takwimu. Umebadilisha swali, na kiwango cha ukatili cha nchi nzima kimepanda.

Na hayo matendo tuliyaorodheshaje? Kwa kukaa na wanawake na kusikiliza kwanza. Kabla ya rula kuna mtu aliyekaa chini akasikiliza. Msitusahau mkishapata asilimia zenu.

#28 Rula_ya_Chuma
#27 umenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Kwa hiyo kipimo kinaamua matokeo, na mazungumzo yanaamua kipimo?

#29 Sikio_Wazi
Na mwenye pesa za mradi anaamua kama kutakuwa na mazungumzo. Usiishie njiani.

#30 Ngazi_ya_Cheo
#29 umefungua ninachokiamini. Mnazunguka kwenye vifaa na maswali, mzizi ni tuzo. Goodhart, mchumi wa Uingereza, alisema mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu huvunjika ukishaanza kutumiwa kama usukani wa sera. Angalieni watafiti wenyewe. Mwaka 2005 Hirsch alipendekeza namba moja ya kupima mchango wa mtafiti kwa machapisho na nukuu zake. Leo watu wanakata utafiti mmoja vipande vitano ili namba ipande. Ninajua idara moja watu wananukuliana kwa zamu kama mchezo wa upatu.

Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo "yenye maana kitakwimu". Ziliporudiwa, asilimia 36. Hapo rula imekosea nini? Rula ilikuwa nzima. Watu walikuwa na njaa ya p chini ya 0.05, ule mstari wa kuitwa "yenye maana kitakwimu".

#31 BiTakwimu
Nusu tu nakubaliana. Kurudia kushindwa kunaweza pia kutokana na sampuli ndogo, au na vipimo vyenye kelele nyingi hata mtafiti akiwa mtakatifu. Ukipima kitu kidogo kwa kifaa kinachotikisika, matokeo pekee yatakayovuka mstari ni yale yaliyokuzwa na bahati. Njaa inaongeza, lakini hata walioshiba wangepotea.

#32 Ngazi_ya_Cheo
Walioshiba wangepima tena kabla ya kuchapisha, dada.

#33 Mkaa_Maabara
Mmemsahau samaki. Bennett na wenzake walimuweka samaki aina ya salmoni, mfu, kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza watu hao wanajisikiaje. Bila kusahihisha kwa wingi wa majaribio ya kitakwimu (ukipima sehemu nyingi mno kwa pamoja, chache zitaonekana kuwaka kwa bahati tu), ubongo wa marehemu "ukafanya kazi". Wakapata Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti wa kuchekesha, 2012.

#34 Mchokozi
Samaki mfu anaelewa hisia za watu kuliko bosi wangu.

#35 Nimekaa_Nasoma
Uzi umeharibika rasmi 😂😂

#36 Jeni_Mbili
Kabla haujaharibika kabisa: sisi wa jeni tumeponzwa na jedwali tu. Kuna jeni ziliitwa SEPT1, MARCH1 na kadhalika. Ukizifungua kwenye Excel zinageuka tarehe. Mwaka 2016 walipochunguza machapisho yenye orodha za jeni za Excel, kama moja kati ya kila matano lilikuwa na kosa la aina hii. Mwaka 2020 kamati ya majina ikaona bora ibadilishe majina ya jeni zenyewe: SEPTIN1, MARCHF1. Yaani biolojia imeinamia lahajedwali. Sina hakika hii inaingia kwenye vifaa vya #19 au kwenye njaa ya #30.

#37 Pwani_ya_Namba
Haiingii popote, ndiyo maana mgawanyo wa #19 hautoshi. Na kwa #3 naongezea moja ya kumchokoza: Celsius mwenyewe, mwaka 1742, aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 yanapoganda. Wengine ndio waliogeuza.

#38 Nukta_Desimali
Hiyo ni sahihi. Sina la kusahihisha, inauma.

#39 BiTakwimu
#36 ni makosa ya kutunza data, si ya kupima, ndiyo maana sikuyaweka. Ila nina swali kwa #5 ambalo limenikaa tangu jana. Pale mlipovuna wenyewe na kupima kwa mizani, mahindi yalikuwa mabichi au makavu? Maana shamba likivunwa mapema lina maji mengi, na kama mashamba makubwa huvunwa siku tofauti na madogo, basi mnapima unyevu mkidhani mnapima mavuno.

#40 Dodoso
Kazi yangu haikuwa ile ya Uganda, dada, ila nasi tulivuna vipande. Tulipima mara mbili: palepale shambani, kisha baada ya kukausha na kupukuchua, tukiwa na kipima unyevu. Tatizo likawa vipima unyevu vyenyewe. Kila timu ilikuwa na chake, na tulipoviweka vyote kwenye gunia moja havikusoma sawa. Tukaomba fedha za kuvisawazisha, tukaambiwa tuandike unyevu kwenye safu yake na namba ya kifaa pembeni, atakayechambua ataamua. Nimeona majedwali ya mwisho. Safu ya namba ya kifaa haipo.